Tawi la Kupumulia Hukatwa

Atukuzwe Mungu Baba, mwenye kutoa na mwenye kunyamaza, kwa kuniamsha tena leo nikauona mwanga dirishani. Uzee huu sikuuomba. Amenipa, nami naupokea kama mvua inayokuja wakati kahawa iko kichanjani: huwezi kuigombeza, unakimbilia turubai. Asifiwe kwa miguu iliyonibeba vilimani miaka mingi, na asifiwe hata kwa magoti haya ambayo sasa yanakataa kukunjika kanisani mpaka nishike benchi la mbele.

Vijana wa kigango chetu, mmeniomba niandike habari za kazi yangu. Nadhani mlitaka vichekesho, maana mkinikuta mezani huwa nawachekesha. Vichekesho vipo, nitawapa. Lakini nimekaa na kalamu na moyo hautaki kucheka kwa muda mrefu, basi mnivumilie.

Nilikuwa mkata kahawa. Si mchumaji, si mnunuzi. Mkataji ni mtu anayeitwa shamba linapochoka. Mnaujua mti uliochoka? Umerefuka, majani yamebaki juu kama kofia, na buni zimekaa nchani tu, ambako mchumaji hafiki bila kuupinda mti. Mwenye shamba anaongeza mbolea, anapiga dawa ya ugonjwa wa chulebuni, na mti unazidi kurefuka. Anadhani mti una njaa, kumbe umelemewa na mbao zake mwenyewe. Hapo ndipo alikuwa ananiita mimi.

Kazi yenyewe ni hii. Baada ya mavuno, kabla ya mvua, unakata shina kwenye usawa wa goti. Anza na msumeno upande wa chini, kidogo tu, kisha hamia juu. Ukianza juu moja kwa moja, shina likianguka linachana gome mpaka ardhini na kisiki kinakufa. Mkato uwe wa mshazari, maji yatiririke. Siku hizi vijana wanakuja na misumeno ya injini, wanakata bapa kama meza ya kulia, mvua ikinyesha maji yanatuama, kisiki kinaoza kutoka ndani. Nikiwaambia wanasema, mzee, mashine haijui mshazari. Sawa. Mashine haijui, wewe je?

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Ukikata, huukati mti wote. Unaacha tawi moja, jembamba, lenye majani. Tunaliita tawi la kupumulia. Mizizi ya mti mkubwa haiwezi kukaa gizani bila kuletewa chochote kutoka juu, ikikaa hivyo inakufa. Lile tawi linaupumulia mti mpaka maotea, yaani machipukizi mapya, yatoke kwenye kisiki. Yakichipua, unachagua mawili au matatu yaliyokaa chini na kuachana vizuri, mengine unayang'oa kwa mkono. Yakishapata urefu wa mkono wa mtu mzima, lile tawi la kupumulia hukatwa.

Hapo ndipo wakulima wetu wanapokosea, na sijaona watu wengine wanaokosea namna hii. Hawakosei kwa kukata, wanakosea kwa kutokata mara ya pili. Mwaka ule, tawi la kupumulia huzaa kuliko ulivyowahi kuona tawi likizaa, kwa sababu limebaki peke yake na mizizi yote. Linainama kwa buni. Nani ana moyo wa kulikata? Wanaliacha. Maotea yanakonda, yanapinda kutafuta jua, na mti unarudi kuwa ule ule wa zamani, ila sasa una kidonda.

Aliyenifundisha ni Mzee Kasiani wa Mpepai. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya pama ambayo aliivua kwa Mungu tu. Msimu wa kwanza hakuniruhusu kushika msumeno. Nilibeba maji na kutazama. Naye alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wenye mashamba wote. Akimaliza mstari mmoja alilaza vyombo chini, akateremka mpaka kijitoni, akavuka, akapanda kilima cha pili, akakaa. Anakaa tu, anatazama.

Mashamba yetu mnayajua yalivyosimama. Ukiwa ndani ya shamba huoni shamba, unaona mti ulio mbele ya pua yako. Lazima uvuke kijito, ulione limesimama mbele yako kama ukuta. Hapo ndipo unajua mstari gani umekatwa juu mno, wapi kivuli kimezidi, wapi mkono wako ulichoka ukaanza kudanganya. Mwenye shamba mmoja alimfuata mpaka kule juu akamwambia kwamba amemwita kukata, hakumwita kutembea. Kasiani hakugeuka hata kumtazama. Alisema, "Nisipotembea mimi, mwakani utamwita mwingine aje atembee na akate." Yule bwana akakaa chini, na baada ya muda akaanza yeye mwenyewe kuonyesha kwa kidole miti iliyokosewa.

Kuna mjane wa Namswea, Bibi Daria, ambaye tulimkatia kahawa iliyopandwa na marehemu mumewe. Alikubali vizuri kabisa. Shina la kwanza lilipoanguka akatoa kilio kimoja, kile cha msiba wenyewe, akakaa chini na kujifunika kanga kichwani. Kilio huku kwetu hakiulizwi, kinafuatwa. Kabla hatujamaliza mstari, wanawake wameshafika na unga, kuni, maharage, mmoja amekuja na jogoo. Wakauliza marehemu ni nani. Bibi Daria akaonyesha kisiki. Wakatazamana, kisha mmoja akasema unga ukishatoka nyumbani haurudi, basi wakawasha moto wakapika. Tulikula msiba wa kahawa mpaka tukashindwa kushika misumeno. Mzee Kasiani aliombwa atoe neno kama mkubwa wa wafiwa, akatoa, na watu wakaitikia amina.

Nimecheka kidogo. Sasa niwaambie habari za Otmari.

Otmari ni ndugu yake mke wangu Gaudensia, anayemfuata kwa kuzaliwa. Kwa hiyo yeye na mimi ni mlamu, kama tunavyoitana mashemeji huku kwetu, na mlamu ana ruhusa ya kukutania mpaka mbele ya askofu. Nilimfundisha kazi mimi. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, nalisema bila wivu, maana wivu wenyewe umeshazeeka. Alikuwa akivuka kijito anakaa kule juu na kunipigia kelele bonde zima lisikie: "Mlamu, mstari wako umekaa kama meno ya babu yako." Nami nilimjibu kwamba meno ya babu yake ndiyo yaliyokula mahari ya dada yake. Watu wa mashamba ya jirani walikuwa wanaacha kazi kutusikiliza.

Lakini kilichokuwa moyoni mwake hakikuwa kahawa. Otmari alikuwa mpiga kinanda wa kigango, na alikuwa anatunga Misa. Si wimbo mmoja wa kutoa sadaka kama wanavyotunga wengi. Alitaka Misa nzima ya sauti nne, na sehemu zake zote: Bwana utuhurumie, Utukufu, Mtakatifu, Mwanakondoo. Aliniambia siku moja tukinoa misumeno kwamba watoto atawaachia shamba, lakini hiyo Misa ndiyo atakayoonyesha atakapoulizwa alifanya nini na masikio aliyopewa. Nilimtania, nikamwambia huko mbinguni wapiga vinanda ni wengi. Hakucheka. Nikajua si jambo la utani.

Alitunga Bwana utuhurumie na Utukufu akiwa bado kijana. Halafu mambo yakaongezeka. Mnayajua, kwa maana ninyi ndio mnaoyaishi sasa. Akafungua duka. Akaanza kufuga nguruwe. Wakamchagua kwenye bodi ya chama cha msingi cha wakulima. Akaanza kuteremka ziwani Ngumbo kununua dagaa na mbasa na kupandisha mjini Mbinga. Kila jambo lilikuwa jema. Hakuna hata moja ambalo ningeweza kumwambia ni dhambi. Kila tulipokutana alikuwa anatoka mahali na anaelekea mahali.

Niliona mabadiliko kwanza shambani. Akaacha kuvuka kijito. Akimaliza mstari anaingia mwingine, kichwa chini, simu inaita mfukoni. Kisha siku moja nikaona amekata otea zuri na kuacha shina la zamani. Otmari, mwenye mkono ule. Naye alitazama alichokifanya, akafuta uso kwa kiganja, akaendelea.

Kanisani ikawa hivi. Padre anahubiri habari za wale wanawali waliosinzia bila mafuta, na Otmari amekaa kwenye kinanda, akasinzia. Kiwiko kikaangukia vibao. Kinanda kikalia, mlio mmoja mrefu usiokwisha, mpaka mwalimu wa kwaya alipomtikisa. Padre alisubiri, kisha akasema, "Huyu walau taa yake ina sauti." Kanisa zima likacheka, Otmari naye akacheka. Mke wangu hakucheka. Tulipotoka aliniambia mdogo wake ana rangi ya majivu, na kwamba nisipomkalisha mimi atamkalisha yeye.

Hospitali wakamwambia presha iko juu sana, apunguze mizigo. Tukakaa kikao nyumbani kwetu. Gaudensia alimsema kama anavyomsema mtoto, jambo moja baada ya jingine: duka, nguruwe, bodi, ziwa. Otmari akanigeukia mimi akasema, "Mlamu, nikate basi. Nikate mpaka gotini."

Alikata kweli, nampa haki yake. Duka akamwachia mkewe. Nguruwe akauza. Kwenye bodi akaandika barua ya kujiuzulu, na watu wakashangaa, maana huku kwetu mtu haachi kiti, kiti ndicho kinamwacha. Akabakiza safari za ziwani tu, mara moja moja, kwa ajili ya ada za watoto. Alisema hilo ndilo tawi lake la kupumulia. Nilimwelewa. Mtu hawezi kukaa bila kula, na mimi si mjinga wa kumwambia mwenye watoto aishi kwa kinanda.

Vijana, natamani mngeuona msimu ule. Mvua zilikuja, mahindi yakasimama kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia vilimani, na Otmari akarudi. Asubuhi anakaa na kinanda chake, mchana tunakwenda shambani, na alikuwa anavuka kijito tena. Rangi ikarudi usoni. Matusi ya mlamu yakarudi bondeni. Na kabla ya Pasaka akawa amemaliza Mtakatifu.

Tuliimba siku ya somo wa kigango, yule mtakatifu tunayeitwa kwa jina lake. Mimi naimba besi, sauti ya kukwaruza, lakini siku hiyo niliogopa hata kufungua kinywa nisije nikaiharibu. Ule wimbo unaanza chini, wanaume peke yao, kama watu wanaopanda mlima bila kuzungumza, halafu wanawake wanaingia pale kwenye "mbingu na dunia zimejaa", na unaona kweli zimejaa. Baada ya Misa hakuna aliyepiga makofi. Watu walitoka polepole. Bibi mmoja alimshika Otmari mkono akamwambia hataki kusema kitu, na hakusema kitu. Ilikuwa imebaki Mwanakondoo tu. Sehemu fupi kuliko zote, mistari mitatu. Otmari alisema anaisikia kwa mbali, inahitaji kimya kidogo tu.

Na mwaka huo huo biashara ya samaki ikastawi. Mbasa walipatikana kwa wingi, bei mjini ikapanda, na rafiki yake wa Ngumbo mwenye mitumbwi akawa hataki kumuuzia mwingine. Mara moja moja ikawa kila wiki, kila wiki ikawa zaidi. Akachukua meza sokoni. Wateja wakaanza kupiga simu asubuhi, saa zile zile za kinanda. Akaniambia shambani nitafute mtu mwingine kwa muda.

Nilimfuata nyumbani. Nilimkuta anafunga matenga kwenye pikipiki. Nikamsalimia, nikamuuliza habari ya Mwanakondoo. Akasema iko njiani.

Nikamwambia, "Mlamu, maotea yamefika mkono mzima. Lile tawi sasa hukatwa."

"Linazaa, mlamu. Hujaona linavyozaa?"

"Ndiyo maana hukatwa."

Akacheka, akanipiga begani. "Acha lizae mwaka huu tu. Nitakata mwenyewe, msumeno si ulinifundisha wewe?"

Nikarudi nyumbani. Nimelirudia neno hilo kwenye sala mara nyingi, nikitafuta ningesema nini kingine. Sijapata. Mzee Kasiani naye aliwaambia wakulima wengi wakate lile tawi, na wengi hawakukata. Si kwamba hawakuelewa. Walielewa vizuri, ila buni zilikuwa zinaonekana, na mti ulikuwa bado hauonekani.

Kiharusi kilimpata pale Ngumbo, mchangani, akichagua samaki. Walitusimulia kwamba alikuwa anaongea na mwenye mitumbwi, neno likamkatikia mdomoni, akakaa chini kama mtu aliyekumbuka kitu. Watu wa kule ni Waanglikana wengi. Walimbeba, wakamzunguka na kumwombea kwa namna yao, mama mmoja akamvulia kanga yake akamfunika, nasi hatumjui jina mpaka leo. Mungu anamjua. Wakampandisha kwenye lori pamoja na matenga yake, kwa maana hawakutaka apoteze mali. Alifika kwetu amelala kati ya mbasa walioanza kuharibika.

Upande wa kulia haukurudi. Maneno yalirudi machache, polepole, kama wageni wasio na uhakika na nyumba. Mwalimu wa kwaya alikuja siku nyingi kukaa naye. Alikuwa anaimba kipande akiitafuta ile Mwanakondoo, kisha anauliza: hivi? Otmari anatikisa kichwa. Anapandisha sauti: hivi? Anatikisa. Siku moja Otmari akajaribu kuiimba mwenyewe. Mdomo ulikwenda upande, na kilichotoka hakikuwa wimbo. Alijaribu tena. Gaudensia alitoka nje, nikamsikia anafua nguo ambazo zilikuwa zimeshafuliwa. Tangu hapo mwalimu hakuombwa tena arudi, naye hakuja tena kwa shughuli hiyo.

Tuliposhika zamu ya kumlisha, nilikuwa namtania kama zamani, nikiogopa kunyamaza. Jioni moja alimeza uji, akanikazia macho na kusema kwa shida, neno baada ya neno, "Mlisema nipumzike. Nimepumzika. Sasa mnataka nini?"

Lilikuwa tusi la mlamu, lile lile la bondeni. Alitaka nicheke. Nilijaribu, vijana wangu.

Ninyi mnaniambia mna kazi, biashara, vikundi, masomo ya jioni, na kwamba yote ni mazuri. Nawaamini. Sina dawa ya kuwapa. Nimefundishwa dini tangu utoto, na nimefundishwa kwamba Mungu haachi kazi yake nusu. Nalishika hilo kwa mikono miwili, na kuna siku mikono inachoka. Nimemshukuru kwa ule msimu mmoja wa mvua, namshukuru bado. Lakini sitawadanganya kwamba shukrani imelijaza lile pengo. Halijajaa. Mtu alirudi kwenye lililo lake, akaliona, akaligusa, akaona na kidonda cha kuliacha, na bado akaondoka. Kama mkono wa Otmari uliweza kufanya hivyo, basi siuamini mkono wa mtu yeyote, wangu wa kwanza.

Jumapili tunambeba kanisani kwenye kiti, mimi na wanawe, tunamweka karibu na kwaya. Wanaimba Misa yake. Bwana utuhurumie, anafuata kwa midomo. Utukufu, kidole cha mkono wa kushoto kinapiga goti. Kwenye Mtakatifu kanisa lote linaimba, hata watoto wameujua. Kisha inafika saa ya kumega mkate, na mwalimu wa kwaya anafungua ukurasa mwingine. Wanaimba Mwanakondoo ya zamani, ile iliyozoeleka, nzuri tu, ya mtu mwingine. Otmari anainamisha kichwa mpaka mistari yote mitatu iishe. Sijui kama anasali au anaisikia ile ya kwake. Sijawahi kumuuliza.

Wewe uliyenisoma mpaka hapa, Bwana akuonyeshe lililo lako wakati mkono wako wa kulia ungali unafunga na kufungua. Akupe kilima cha kukaa na mtu wa kukuambia ukweli, na moyo wa kumsikia. Na kama umeshachelewa, kama sisi, basi akae karibu nawe katika ile nafasi iliyobaki tupu, asiondoke. Amina.